Nyimbo 30 nyuma ya kava hazikusaidii kitu

Wiki hii tena mteja kanirudishia CD ya Otis Redding, yule mwimbaji wa soul wa Marekani, anasema feki kwa sababu haina ule wimbo wa mluzi. Nikamwambia mzee wangu hiyo sio feki, hiyo ndio yenyewe kuliko zote zilizopo hapa mezani, akaniangalia kama anauziwa simu ya kichina. Halafu akaokota nyingine, kava linang'aa, nyuma nyimbo 30, akasema "greatest hits ndio hii bwana, ona zilivyojaa." Akalipa tofauti akaondoka nayo. Sikumzuia, nimechoka kuzuia watu, bora niandike hapa, mwingine akiuliza natuma linki.

Nauza santuri na CD za zamani hapa Mwanza, mzigo mwingi naokotaga kwenye mitumba ya Mlango Mmoja na kwa watu wanaohama nyumba, na wikiendi napiga soul na zilipendwa kwenye sherehe. Imani ninayokutana nayo ni hiyohiyo moja, kwamba wimbo ni jina la wimbo. Yani kama nyuma ya kava vimeandikwa vibao vyote unavyovijua basi vimo, kazi iliyobaki ni kuangalia ipi ina vingi kwa hela ndogo. Mtu anapima muziki kama dagaa wa sado, ikimwagika pembeni ndio anajua kapata.

Nianze na ya mzee tuimalize. Aliyorudisha ni mkusanyiko wa vibao vyake unaoitwa History of Otis Redding. Ilitoka Novemba 1967. Otis alikufa tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, ndege ilidondokea Ziwa Monona kule Wisconsin, na The Dock of the Bay, ndio huo wa mluzi, alikuwa ameirekodi siku chache tu kabla, ikaja kutoka Januari 1968. Sasa wimbo ambao haujatoka ungekaaje kwenye mkusanyiko wa Novemba? Naelewa kwanini watu wa huku wanautafuta, mtu aliyezoea kukaa jioni kwenye mawe ya Capri Point anaangalia meli zinaingia hahitaji kuelezwa ule wimbo unaongelea nini, lakini kukosekana kwake pale sio kasoro. Ndio ushahidi kwamba umeshika kitu kilichopangwa Otis akiwa hai. Unataka mluzi? Nunua mkusanyiko wa baadae, ipo mingi. Ila usiite feki. Angalia mwaka kwanza, basi.

Kingine lebo, yani kampuni inayotoa rekodi, na hii napita haraka. Msanii akihama lebo, rekodi zake hazihami naye. Aretha Franklin alikuwa Columbia toka 1960 mpaka 1966 ndio akaenda Atlantic, na Respect ni ya 1967, kwa hiyo ukikuta greatest hits ya Aretha iliyotengenezwa kwa rekodi za Columbia tu, Respect hamna, utapata jazi na nyimbo za taratibu, zingine nzuri sana, ila sio ulichokifuata. Marvin Gaye hivyohivyo, miaka yote Motown halafu 1982 anatoa Sexual Healing akiwa Columbia, ndio maana mikusanyiko ya zamani ya Motown haina hiyo. Teddy Pendergrass yeye alitoka kwenye kundi akaimba peke yake, angalia kama zile alizoimba na Harold Melvin & the Blue Notes zimo, maana ni nusu ya sababu ya kumnunua. Haya.

Sasa linaloniudhi mpaka nakosa usingizi: rekodi za kurudiwa.

Waimbaji wengi wa soul wa miaka ya 60 hawakumiliki rekodi zao, masta, yani rekodi zenyewe za asili, ni mali ya lebo. Miaka inapita, redio hazimpigi tena, mwimbaji kabaki na jina na watoto wa kusomesha, anakuja mtu mwenye lebo ndogo anamwambia ingia studio uimbe tena vibao vyako vyote, hela hii hapa. Anaimba, nani angekataa. Kuanzia siku hiyo yule mwenye lebo ndogo ana "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge, imeimbwa na Percy Sledge, na anaweza kuikodisha kwa kampuni yoyote inayotaka kutoa CD ya bei rahisi. Kava linawekwa picha ya ujanani. Hakuna uongo hata mmoja ulioandikwa pale na bado umepigwa.

Watu wananiambiaga "sasa si sauti yake mwenyewe?" Ndio, ni yake, ya miaka mingi baadae, na bendi nyingine, studio nyingine, siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuthibitisha chochote. Chukua ile ya 1966 iliyorekodiwa Alabama, vaa hedifoni. Inaanza na kinanda cha Farfisa cha Spooner Oldham, kimetulia, sauti yake nyembamba kidogo imefifia pembeni, besi inatembea taratibu chini yake, halafu Percy anaingia juu moja kwa moja bila kujipasha. Kule mwishoni zinakuja tarumbeta na hazijakaa sawa, zimepinda kidogo, ukishazisikia mara moja huwezi kuacha kuzisikia. Inasimuliwa kwamba Atlantic waliwaambia wazirekodi upya, wakazirekodi, halafu kikaenda sokoni kilekile kilichopinda, kikawa namba moja Marekani. Sasa weka hizi za kurudiwa ninazoletewaga mimi: kinanda cha kidijitali kinameremeta, ngoma ya snea inapiga PAA na mwangwi wa miaka ya 80, tarumbeta zimenyooka kama rula au sio tarumbeta kabisa ni kinanda kinajifanya tarumbeta, na Percy mwenyewe anafika kule juu kwa kuzungukazunguka. Maneno yote yapo. Jina lipo. Ulichokuwa unalilia hakipo.

Unazijuaje kabla ya kulipa? Geuza kava, tafuta maandishi madogo yale ambayo inabidi uwashe tochi ya simu, wengine huwaga wanaandika hapo kwamba zimerekodiwa upya na msanii mwenyewe, waungwana wachache. Halafu tafuta herufi P ndani ya duara, alama ya hakimiliki ya rekodi, na mwaka pembeni yake. Vibao vya 1966 vyenye P ya 1966 au vyenye jina la Atlantic, tulia. Vibao vya 1966 vyenye P ya 1988 na lebo hujawahi kuisikia duniani, weka chini. Hapa lakini niseme ukweli ambao wajuaji wa santuri hawapendi kuusema, hiyo P sio kinga, mikusanyiko halali nayo inaweza kuandika mwaka wa mkusanyiko badala ya mwaka wa rekodi, kwa hiyo kuna siku nashika kitu mkononi na sijui. Siku hizo nabaki na masikio. Sekunde 30 za mwanzo zinatosha, na muuzaji akikataa usisikilize, ondoka, hata kama muuzaji ni mimi.

Na nina shaka nyingine. Ukiniuliza rekodi halisi ni ipi, kuna mahali nakwama. Papa's Got a Brand New Bag ya James Brown, ile singo ya 1965 kila mtu anayoijua, iliongezwa spidi na kukatwa ndio ikatoka, iliyopigwa studio ilikuwa nzito zaidi na ndefu, ikaja kutoka 1991 kwenye Star Time, boksi la CD za James Brown. Ipi ya kweli? Mimi napendaga ile ya spidi, mshkaji wangu DJ ananiona mshamba, na kila mmoja ana hoja. Afadhali hiyo. Isaac Hayes ndio balaa, Walk On By yake kwenye Hot Buttered Soul ya 1969 ni dakika 12, ukiikata iingie kwenye greatest hits umebakiza mlango umetupa nyumba. Kwa Isaac mimi sikuuzii mkusanyiko, nakuuzia albamu, ina nyimbo nne tu na najua utalalamika nne tu. Saa nane usiku kwenye sherehe kule Kirumba, spika kubwa, watu wameshalewa, nikipiga ya kurudiwa hakuna anayeshtuka, hilo nalo nakiri. Ila wewe unanunua ya kusikiliza nyumbani.

Mkusanyiko mzuri unaujua kwa kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye hesabu: lebo ilikubali kwenda kuomba wimbo kwa wenzake. Greatest Hits ya Bill Withers ya 1981 ina nyimbo 10. Kumi. Inaanza na Just the Two of Us, ambayo ilitoka kwenye albamu ya Grover Washington Jr. ya lebo ya Elektra, Bill akiwa Columbia, na Ain't No Sunshine ya 1971 iko palepale ikiwa ni ileile, pamoja na ule mrejeo wa "I know" mara 26 bila kupunguzwa hata mmoja. Hiyo nunua umefumba macho.

Greatest Hits ya Al Green ya 1975 nayo nyimbo 10, zote za prodyuza Willie Mitchell kule Memphis, na Love and Happiness haimo, iliwekwa kwenye Volume II ya 1977. Matoleo ya CD ya baadae yameongezwa nyimbo, na ukipata hayo usihangaike kuwa mtakatifu wa santuri, chukua. Ila ukiikuta ile ya santuri haijakwaruzwa usiniambie bei, niambie iko wapi.