Balehe ya panya shamba: homoni zinazongoja mvua

Balehe, kwa mnyama kama panya wa porini, ni kipindi ambacho ubongo huacha kuvizuia viungo vya uzazi na kuviruhusu vianze kazi. Wengi hudhani ni suala la umri tu, na kwa panya weupe wa maabara dhana hiyo haiko mbali na ukweli, kwani hushiba kila siku na hupevuka wakiwa na wiki sita hadi nane. Porini sivyo. Panya shamba wa mwaka huu anaweza kuzaa akiwa na miezi michache, ilhali yule wa mwaka uliopita, aliyezaliwa katika shamba hilohilo, alingoja karibu mwaka mzima.

Sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi ina seli za neva zinazotoa homoni ya GnRH, si kwa mfululizo bali kwa mipigo mifupi. Kila mpigo huichochea tezi ya pituitari, nayo humwaga kwenye damu homoni za LH na FSH, ambazo huzifikia ovari za jike au korodani za dume. Huko ndiko mayai na mbegu zinakokomaa, na ndiko zinakotoka homoni za uzazi, estrojeni na testosteroni, ambazo husafiri tena hadi ubongoni na kupunguza mipigo ile inapozidi. Panya ambaye hajabalehe anavyo vyote hivyo. Kinachokosekana ni kasi ya mipigo. Kasi hiyo huongezwa na seli jirani zinazotoa kemikali iitwayo kispeptini, na kwa maoni yangu hizi ndizo kiini cha habari yote, maana kwazo hukutana taarifa za akiba ya mafuta mwilini, za majira na za homoni zenyewe.

Katika nchi za baridi taarifa ya majira huletwa na homoni ya melatonini, ambayo hutolewa usiku, hivyo usiku mrefu huwa ishara ya kipupwe. Hamsta wa Siberia, mnyama mdogo anayefanana na panya, hupata taarifa hiyo kabla hajazaliwa, kupitia melatonini ya mama yake. Morogoro, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, saa kuu ni mvua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewafuatilia panya shamba wa huko kwa miaka mingi. Panya akishanaswa mtegoni hugeuzwa tumbo juu: jike asiyebalehe uke wake bado umezibwa na ngozi, aliyebalehe umefunguka, na aliyekwisha kunyonyesha chuchu zake huonekana wazi, nazo zinaweza kufika 24; kwa dume hutazamwa kama korodani zimeshuka. Uchunguzi wa namna hii umeonyesha kwamba kwa kawaida watoto waliozaliwa baada ya masika hukaa bila kupevuka hadi masika yanayofuata, lakini vuli ikinyesha sana hupevuka mapema na kuzaa, na watoto wao nao huwahi msimu mkuu wa kuzaliana. Ndipo panya wanapofurika mashambani.

Mvua huzifikiaje homoni? Nchini Marekani mwaka 1981 ilionyeshwa kwamba majani machanga yana kemikali ya 6-MBOA, inayomwamsha kiuzazi panya mla nyasi wa milimani hata wakati wa kipupwe. Jibu hilo halifai kuhamishwa zimazima kwa panya shamba, ambaye hula pia mbegu na wadudu. Tena mvua haifanyi kazi peke yake, kwa kuwa msongamano nao huathiri kasi ya kupevuka. Kwa panya wa nyumbani, mtafiti Vandenbergh alieleza mwaka 1967 kwamba jike mchanga akiwa karibu na dume hubalehe mapema, na baadaye ikabainika kwamba harufu ya mkojo wa dume inatosha.

Mfumo huuhuu ndio unaolengwa na chambo cha uzazi wa mpango kilichojaribiwa kwa panya shamba Morogoro, chenye kwinestroli na levonojestreli (ndiyo, levonojestreli ileile iliyomo katika vidonge vya akina mama). Homoni hizo za kutengenezwa huudanganya ubongo kwamba kiasi cha homoni mwilini kimetosha, hivyo LH na FSH hushuka. Kwa mantiki hiyo chambo kinafaa kutegwa kabla mvua hazijawapevusha panya, wakati wako wachache, ingawa wakulima wengi hukimbilia sumu baada ya kukuta mahindi waliyopanda yamekwisha kufukuliwa.