Choo cha chumba cha chini: maji taka hayapandi mlima

"Weka bomba tu, msukumo wa maji utapeleka uchafu kwenye karo la maji taka." Kauli hii naisikia Lindi, kwa wanaojenga kwenye miteremko inayotazama bahari na kuongeza chumba chenye choo chini ya nyumba. Si kweli, na hasara yake ni kubwa kwa sababu kosa linajitokeza zege likishamwagwa.

Msukumo mnaouona bombani ni wa maji safi yanayotoka tangi la juu. Yakishatoka kwenye sinki la choo yanateremka kwa uzito wake tu. Bomba la inchi 4 hulazwa kwa mteremko wa karibu sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo karo likiwa mita 12 mbali, bomba lishuke sentimita 30. Lakini watu hupenda karo liwe juu, kando ya barabara, gari la kunyonya lifike! Karo hilo likijaa, choo cha chini ndicho kitakachofurika kwanza, hata kwa maji ya wanaokaa juu, maana ndilo tundu la chini kuliko yote.

Pimeni kwanza tofauti ya kimo kati ya choo na karo kwa mpira wa bomba mwangavu uliojazwa maji, maana maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Karo likihamia chini ya mteremko, tatizo limekwisha. Lisipowezekana, jengeni shimo dogo lenye mfuniko usiopitisha harufu, pampu ya maji taka, vali ya kuzuia maji kurudi na bomba la hewa hadi juu ya paa. Umeme ukikatika pampu inasimama, kwa hiyo choo hicho kisiwe cha pekee nyumbani.