"Umeinua kichwa!" na lawama nyingine za uwanja wa gofu

Mpira ukikuponyoka na kuambaa chini badala ya kupaa, hutakosa wa kukuambia, "Umeinua kichwa." Atakuambia uliyeshindana naye, atakuambia aliyeanza gofu juzi, na anayekubebea mfuko atatikisa chake tu. Kichwa ndicho kinachoonekana, kwa hiyo ndicho kinacholaumiwa.

Dhana: Kichwa kisiondoke mpaka mpira uwe mbali.

Uso wa fimbo hugusana na mpira kwa takriban sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde. Kuendelea kukodolea majani pale ulipokuwa hakuunyooshi. Annika Sörenstam wa Sweden, aliyeshinda mashindano 72 ya LPGA (ligi ya wanawake wa gofu ya kulipwa), alikuwa akigeuza uso kuelekea shabaha wakati fimbo ndiyo kwanza inafika kwenye mpira. Kwa mtindo huohuo, mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza kwenye LPGA kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju 59 tu; kwenye gofu, mikwaju michache ndiyo ushindi. David Duval, bingwa wa Open ya Uingereza mwaka huohuo, naye alipiga hivyo.

Sasa kwa nini fimbo inaparuza mpira kwa juu? Mara nyingi ni nyonga. Umeanza umeinama vizuri, lakini fimbo inaposhuka nyonga zinasogea mbele kuelekea mpira, kiwiliwili kinanyanyuka, mikono inakosa pa kupita. Kichwa kimepanda kwa sababu kilichokibeba kimepanda. Ukikazana kubana kidevu kifuani, unalizuia bega lisipite, na jioni shingo inauma bure.

Dhana: Mgongo ulionyooka ni kusimama wima na kukunja magoti sana.

Mtazame aliyezoea jembe la mkono: ameinamia kwenye nyonga, makalio yamerudi nyuma, magoti yamelegea kidogo tu. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mkao wa gofu unafanana na huo, ila hauinami sana. Jipime hivi: weka fimbo mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na juu kidogo ya makalio, kisha inama mpaka uuone mpira. Fimbo ikiachana na mojawapo ya sehemu hizo, umeinamia mgongo, si nyonga. Na anayekaa kama yuko kwenye kiti lazima asimame ili apige, kwa hiyo tunarudi kwenye kosa lilelile la nyonga kusogea mbele.

Dhana: Zungusha kiuno.

Hili ndilo agizo baya kuliko yote. Pingili 5 za kiunoni hujipinda kwa nyuzi 10 hadi 15 hivi tu, wakati mabega ya mchezaji mzuri hugeuka karibu nyuzi 90. Zinazobaki hutoka kwenye maungio ya nyonga na mgongo wa juu. (Hata mcheza chakacha, tunayemsifu kwa kiuno, kazi kubwa anaifanya kwa nyonga na magoti.) Nyonga zikikakamaa kwa kukaa ofisini kutwa, kiuno hulazimishwa kufanya kisichoweza, na si ajabu maumivu ya hapo ni miongoni mwa malalamiko makuu ya wacheza gofu. Geuza kidogo kidole gumba cha mguu wa nyuma (ulio mbali na shabaha) kitazame nje, na fimbo inapopanda ruhusu kisigino cha mguu wa mbele kinyanyuke. Mmarekani Jack Nicklaus alikinyanyua, na ana mataji makubwa 18.

Dhana: Nguvu ziko mikononi.

Anayerusha jiwe aangushe embe huanzia miguuni. Fimbo ni vivyo hivyo: nyonga, kifua, mikono, kisha fimbo yenyewe. Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini ana urefu wa sentimita 175 tu, na mpira wake hupita yadi 300.

Dhana: Mkono wa kushoto ukaze kama mti.

Kwa anayepiga kwa kulia, mkono huo ukinyooka bila kukazwa ni vizuri, lakini si sharti. Calvin Peete, Mmarekani, alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni na hakuweza tena kuunyoosha mkono. Gofu yenyewe aliianza akiwa na miaka zaidi ya 20. Kuanzia 1981 hadi 1990, miaka 10 mfululizo, aliongoza PGA Tour (ligi ya wanaume wa gofu ya kulipwa Marekani) kwa usahihi wa mpigo wa kwanza, na mkono ukiwa umepinda vilevile akashinda mashindano 12.