“Andika h tu, itaeleweka”: dhana potofu kuhusu Kiarabu cha namba

Hii husikika katika kila darasa jipya la Kiarabu: kwamba namba katika maneno kama 7abibi na 3arabi, yaani Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini huku namba zikishika nafasi ya herufi tusizo nazo, ni mbwembwe za vijana, na Mswahili akiweka h au a mambo yatakwenda. Hayaendi. Imani hii inaharibu matamshi ya wanafunzi kuliko ugumu wowote wa sarufi.

Tatizo linaanzia kwetu. Kiarabu kina ه, ح na خ, nasi zote tatu tumezitia katika h moja. Hewa ilikuja na ه, haki ikaja na ح, habari ikaja na خ. Masikio yetu yamezoea kuzihesabu kuwa sauti moja. Anayeandika kwa namba anazitenga: h kwa ya kwanza, 7 kwa ya pili, na 5 au kh kwa ya tatu. Ukifuta namba umefuta herufi nzima ya neno.

Angalia Suratul-Kawthar, aya ya 2: neno ni wan7ar, yaani “na uchinje”. Katika Adh-Dhuha, aya ya 10, kuna fala tanhar, “usimkemee”. Mzizi wa kwanza una ح, wa pili una ه. Andika h pote, na kuchinja na kukemea vimekuwa kitu kimoja. Ain nayo (ع, inayoandikwa 3) ni hivyo hivyo: 3aleem ni mjuzi, aleem ni yenye kuumiza, kama adhabu. Mtu anayemsifu Mola kwa neno la pili hajakosea kidogo.

Kuzitamka si kazi ya miujiza. Weka vidole viwili juu ya koo, kwa nje, toa 3 ndefu, koo litatetema. Bila kusogeza chochote, zima sauti ibaki pumzi iliyobanwa: hiyo ndiyo 7. Zote mbili hutoka katikati ya koo, tofauti ni mtetemo tu. Ukisikia mkwaruzo kama wa mtu anayetafuta kohozi, umepanda juu mno, umefika kwenye 5. Pumzi ikitoka laini bila kubanwa popote, umerudi kwenye h ya Kiswahili. Fanya hivyo dakika tano kila siku kabla ya kufungua kitabu chochote. Wengi hawafanyi, halafu wanalalamika kwamba Kiarabu ni kigumu.

Dhana ya pili: jedwali moja la namba linatosha kwa Waarabu wote. Halipo jedwali hilo. Namba zilichaguliwa zaidi kwa umbo: 3 ni ع iliyogeuzwa, 7 inafanana na ح, 2 na hamza (ء), ile sauti inayokatwa kooni. Lakini 9 inaweza kukukumbusha ص (sadi), na pia ق (qaf). Kuwait 9 ni ص, kwa hiyo 9ba7 ni asubuhi. Morocco na Tunisia 9 ni ق. Ukiisoma 9ba7 ya Kuwait kwa hesabu ya Morocco unapata ق ب ح, mzizi wa neno la ubaya. Neno la moyo ni 2alb Cairo, kwa sababu ق yao ya mtaani hutamkwa kama hamza. Kuwait ni galb. Morocco ni 9elb. Kabla ya kusoma ujumbe, uliza kwanza mwandishi ni wa wapi.

Kuna na alama ya ritifaa ('), ambayo watu huiona kama uchafu wa kibodi. 3 ni ع, 3' ni غ. Simu ikiimeza, 3'ali (ile ghali yetu) inakuwa 3ali, yaani juu. Kwa Mswahili gh inatosha kabisa, itumie. Dh ndiyo ya kuiangalia, maana kwetu inabeba herufi tatu: dhahabu ina ذ, dharura ina ض, dhuluma ina ظ.

Kwamba namba hizi zilianza na WhatsApp? Hapana. Ni za miaka ya 1990, kompyuta na simu nyingi zilipokuwa hazina herufi za Kiarabu. Hata zilipokuja, SMS ya Kilatini ilibeba herufi 160, ya Kiarabu 70 tu, na kila SMS ililipiwa.

Na tafadhali, dua na Kur'ani zisisomwe kwa maandishi ya Kilatini, yawe ya namba au yale ya kitaalamu yenye nukta chini ya herufi. Nukta hupotea kitabu kinapotolewa fotokopi mara mbili. Zikipotea, tini ya Surat At-Tin na udongo alioumbiwa mwanadamu huandikwa sawasawa, tin, ingawa moja ina ت na nyingine ط. Safari ya kiangazi (sayf) katika Surat Quraysh, yenye ص, inageuka safari ya upanga, wenye س.

Kwa gumzo, fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye lugha na kibodi, ongeza Kiarabu, kisha ubadilishe kwa kitufe chenye picha ya dunia. Wiki ya kwanza utaandika polepole. Ya pili utaanza kuona ح na ه kama herufi mbili, na sikio litafuata.