TDP ya prosesa, na kwa nini peke yake haikuchagulii kipoza

Karibu kila prosesa ya kompyuta ya mezani ina namba iitwayo TDP (Thermal Design Power), inayoandikwa kwa wati. Core 2 Duo E8400 ni wati 65, Core i5-2500K ni 95, FX-8350 ya AMD ni 125. Namba hiyo inaeleza joto ambalo kipoza kinapaswa kuweza kuliondoa prosesa inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu katika kasi yake ya kawaida. Umeme unaoingia kwenye prosesa karibu wote huishia kuwa joto, ndiyo maana TDP huchukuliwa pia kama kipimo cha umeme inaokula. Hapo uwe mwangalifu. TDP si kilele cha matumizi, na Intel na AMD, kampuni zinazounda prosesa hizi, hawaikokotoi kwa njia moja, kwa hiyo wati 95 za huku na 95 za kule hazilingani sawasawa.

Anayetafuta kipoza kipya kwa mashine ya zamani huanzia kwenye namba hiyo, na hakosei. Ila kwa mashine ya umri huo, TDP ndiyo sehemu rahisi. Kipoza cha kawaida cha mnara, chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, kinazimudu wati 95 bila taabu. Kinachokwamisha watu ni matundu manne ya kufungia kipoza, yanayozunguka soketi, yaani sehemu ya ubao mama ambapo prosesa hukaa.

Kwenye soketi ya LGA 775 ya Intel, iliyotoka mwaka 2004, umbali kati ya tundu na tundu ni milimita 72. LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zote zina milimita 75, na hii ni neema: kipoza kilichotengenezewa ubao wa mwaka 2020 kinakaa vizuri kwenye ubao wa mwaka 2011. LGA 1366 ina 80. LGA 1700 ya mwaka 2021 ina 78, hivyo kipoza cha soketi hiyo pekee hakitafaa kwenye ubao wa zamani hata ukikibembeleza. Upande wa AMD ni mwepesi zaidi. Kuanzia soketi ya AM2 ya mwaka 2006 hadi AM3+ na FM2+, fremu ya plastiki yenye ndoano mbili haikubadilika. AM4 ilihamisha matundu, lakini ndoano zilibaki, kwa hiyo vipoza vingi vya kunasa vinaingia kote kuwili. Usiamini maandishi kwamba kipoza kinafaa kompyuta zote. Soma orodha ya soketi, maana watengenezaji wengi wameshaacha kuweka vishikizo vya 775 kwenye boksi.

Kompyuta za ofisini zilizoundwa kiwandani, kama za Dell na HP, zina ukaidi wao. Baadhi zina skrubu zinazopenya ubao mama hadi kwenye bati la kasha, plagi ya feni yenye pini 5, na BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) inayotoa onyo kila ukiwasha iwapo haioni feni iliyoizoea. Kwa mashine za aina hiyo mimi ningetafuta kipoza kilekile cha asili kilichotumika, kuliko kununua kizuri kisha nianze kutoboa bati.

Pima pia urefu. Minara mingi ina milimita 150 hadi 160, na kasha jembamba halifungiki juu yake.

Kuna swali ambalo wengi huliruka: je, kipoza kweli kimeshindwa? Kama ndicho kilichokuja na prosesa hiyo, kiliundwa kwa TDP yake, na TDP haiongezeki kwa miaka. Joto likipanda leo kuliko zamani, sababu iko kwingine: vumbi lililoziba mapezi ya hitisinki (chuma cha kipoza kinachotawanya joto), pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza iliyokauka na kuacha nafasi za hewa, feni iliyochoka, au mojawapo ya pini nne za plastiki za vipoza vya Intel kuachia upande mmoja. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi, paka mpya kiasi cha punje ya dengu, kaza, kisha soma halijoto prosesa ikiwa na kazi nzito. Ikishuka vya kutosha, huna haja ya kununua chochote.

Isiposhuka, nunua, na kabla ya kufunga angalia mambo mawili. Feni ya pini 3 huingia kwenye plagi ya pini 4, lakini ubao usioweza kupunguza volti utaizungusha kwa kasi yote wakati wote, na kelele utaisikia. La pili, kipoza kizito cha mnara huhitaji bamba la kukishikilia nyuma ya ubao. Kama kasha halina uwazi upande huo, itabidi ubao mama wote utolewe, basi tenga muda wa kutosha.