Nyonga bandia ikifaulu maabara, kazi haijaisha

Wengi hudhani mtafiti wa nyonga bandia humaliza kazi kifaa kikishafaulu majaribio. Sivyo. Mashine huisugua nyonga ndani ya majimaji ya damu ya ndama, nyuzijoto 37, mizunguko milioni 5, mmoja kwa sekunde: karibu miezi miwili ya kusugua. Tatizo ni kwamba mashine hutembea vizuri mno. Kikombe, yaani tundu ambamo tufe la juu ya paja huzunguka, kimekaa kwenye pembe sahihi, na hakuna anayejikwaa wala kuchuchumaa.

Hapo ndipo ASR, nyonga bandia ya kampuni ya DePuy, ya chuma juu ya chuma, ilipoponza watu. Kikombe chake hakikuwa na kina cha kutosha; kikifungwa kwa mwinuko mkali, tufe hukanyaga ukingo, utelezi hukatika, na chembe za kobalti na kromiamu huingia kwenye nyama na damu. Rejesta ya Uingereza, inayofuatilia waliowekewa viungo bandia, ilionyesha takriban 12–13% ya waliowekewa ASR walirudiwa upasuaji ndani ya miaka 5. Ikaondolewa sokoni Agosti 2010.

Kwa hiyo kazi nyingi huja baadaye: kupima, mikroni (elfu moja ya milimita) kwa mikroni, ukingo wa vikombe vilivyotolewa kwa wagonjwa, na kusoma rejesta. Na stika yenye namba ya toleo la kifaa isipobandikwa kwenye faili la mgonjwa, kasoro ikigunduliwa huwa vigumu kumpata mgonjwa husika.