Kwato za punda Nyanda za Juu Kusini: maswali na majibu

Huku kwetu farasi ni wa kuhesabu. Mahindi, maji na kuni vinabebwa na punda, na karibu wote wanatembea peku. Mengi ya hapa chini yanamfaa farasi pia, pasipofanana nimesema.

Punda asiyepigwa kiatu cha chuma si anaumia?

Haumii, mradi kwato zitunzwe. Ukwato ni kucha: unakua kama milimita 8 hadi 10 kwa mwezi. Kwenye ardhi kavu yenye changarawe, kama Ismani, unalika kadiri unavyokua. Anayeshinda kwenye tope la zizi ndiye wa kuonewa huruma. Ukwato wake hauliki, unarefuka na kupinda juu mithili ya kiatu cha sultani, na uzito unahamia kisiginoni na kwenye kano.

Apunguzwe kwato kila baada ya muda gani?

Wiki 6 hadi 10. Kazi hii ni ya koleo la kwato, kisu chake na tupa, mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Panga likae shambani. Anayepunguza asichonge unyayo hadi ukabonyea kwa dole gumba, maana ndio unaokinga mfupa. Tena ukwato wa punda umesimama wima kuliko wa farasi, asiulazimishe ulale.

Mvua zikianza miguu inanuka. Kwa nini?

Asili ya punda ni nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na ukwato wake unanyonya maji kuliko wa farasi. Sasa mpeleke Rungwe, kuanzia Novemba hadi Mei, asimame usiku kucha kwenye samadi na mkojo. Vijidudu (bakteria) visivyopenda hewa vinaingia kwenye mifereji ya pembeni mwa ile sehemu laini yenye umbo la kabari, katikati ya unyayo. Utaona uji mweusi, na harufu yake hukaa mkononi hata ukinawa.

Kumsafisha: simama ubavuni mwake ukiangalia mkiani, teleza mkono toka begani hadi chini, bana kidogo juu ya kifundo, naye atainua mguu. Kwangua kwa kifaa butu, kutoka kisiginoni kwenda mbele, usije ukachoma sehemu laini. Sugua kwa brashi na maji ya chumvi, kausha kwa kitambaa. Fanya hivyo kila siku. Lakini bila pahali pakavu pa kulala unajichosha tu: inua kona moja ya zizi kwa kifusi, tandaza maranda ya mbao, ezeka juu.

Nimeona viatu vya mpira vya kuvalisha mtandaoni. Ninunue?

Kwa punda wa kijijini mwenye afya, mimi ningetumia hela hiyo kwa mpunguzaji. Kiatu kina kazi pale unyayo umekuwa mwembamba, akiwa na jeraha lililofungwa, au farasi anapozoea kutembea bila chuma kwenye mawe. Pima upana na urefu baada ya kupunguza, si kabla. Cha farasi hakimkai punda vizuri, kwani ukwato wake ni mwembamba. Vua kila siku, kagua malengelenge kisiginoni, na kiatu chenyewe kikauke. Akilala nacho kimelowa, unafuga ule uji mweusi.

Jana alikuwa mzima, leo hakanyagi mguu mmoja.

Mara nyingi ni usaha ndani ya ukwato au msumari. Shika: ukwato una joto? Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Msumari ukilazimika kuung'oa, weka alama ulipoingilia. Punda na farasi wanapata pepopunda kirahisi, hivyo ulizia chanjo.

Namjaza pumba apate nguvu. Siku hizi anajivuta na kusimama akiegemea nyuma.

Hiyo ni dalili ya uvimbe ndani ya kwato, na pumba au nafaka nyingi ni chanzo kimojawapo. Acha pumba leo, mpumzishe mkokoteni, mpe majani makavu na maji, mwite daktari. Usimshindishe njaa, hasa akiwa mnene: punda akikosa chakula ghafla, mafuta hufurika kwenye damu na yanaweza kumuua kabla ya hizo kwato.